Kupanda Mlima Meru: chagua majira kwanza, tarehe baadaye

Mlima Meru unaonewa. Wakazi wa Arusha wanaamka nao kila siku umesimama juu ya mji, wageni wanaupita pembeni wakienda Kilimanjaro, na hata wanaoupanda wengi wanauita mazoezi ya Kili. Ukifika juu ya Rhino Point saa tisa usiku, upepo unavuma kutoka kwenye shimo la volkano na mkono mmoja umeshika mwamba, hilo neno mazoezi litakutoka kichwani. Mlima una zaidi ya mita 4,560, ni wa pili kwa urefu Tanzania, na msitu wake una nyati wengi kiasi kwamba hupandi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki.

Njia rasmi ni moja, ya Momella, upande wa mashariki ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kwa hiyo uamuzi mkubwa unaobaki mikononi mwako ni wa majira. Aliyepanda Aprili na aliyepanda Agosti wakikutana hawataelewana: mmoja atasimulia matope na siafu, mwingine vumbi na chupa ya maji iliyoganda. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye majira kabla ya kutoka getini.

Hatua ya 1: Chagua majira kabla ya kuomba likizo

Kaskazini mwa Tanzania kuna misimu miwili ya mvua, masika na vuli, na vipindi viwili vya ukavu katikati. Mlimani ongeza kanuni moja: kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Arusha mjini, kwenye mita 1,400, ikiwa nyuzi 15 alfajiri, kileleni tayari ni chini ya sifuri, na hapo hujauhesabu upepo.

*Januari hadi mwanzoni mwa Machi.* Hiki ndicho kipindi ninachompendekezea mtu anayepanda mara ya kwanza, hasa anayetoka Dar es Salaam au Mombasa na hajazoea baridi. Mvua za vuli zimeacha msitu wa kijani, njia imekauka, na usiku si mkali kama wa Julai. Asubuhi anga huwa wazi, mawingu yanapanda kuanzia saa tano au sita mchana. Hasara yake ni kwamba jua la mchana linachoma kweli ukiwa kwenye nyasi za Momella.

*Katikati ya Machi hadi Mei.* Masika. Aprili ndio mwezi wa kuogopa. Udongo wa msituni ni majivu ya volkano yaliyooza, ukilowa unateleza na kunata kwa wakati mmoja. Buti linatoka na kilo nzima ya matope. Zile ngazi za mbao zilizowekwa kwenye miteremko zinaota ukungu wa kijani, ukizikanyaga katikati umeanguka. Siafu wanahama na kukatiza njia kwa misururu. Ukifika juu ya mita 3,500 mvua inageuka kuwa mvua ya mawe au theluji, na miamba iliyo kati ya Rhino Point na Cobra Point inapakwa barafu nyembamba usiyoiona kwa tochi. Hapo ndipo mpango unapobadilika: anayelazimika kwenda Aprili aende akiwa na nia ya kuishia Little Meru, kilele kidogo cha pembeni chenye mita 3,820, kilele kikuu akichukulie kama bahati. Faida ipo, nisiifiche. Mabanda yako karibu matupu, maporomoko ya Tululusia na Maio yanafurika, na mvua ikikatika anga huoshwa mpaka unaona mbali kuliko mwezi mwingine wowote.

*Juni hadi Agosti.* Kipupwe. Upepo wa kusi unaleta unyevunyevu wa bahari na kuubana kwenye miteremko ya kusini ya mlima, ndiyo maana Arusha inaweza kukaa siku kadhaa bila kuona jua, watu wamevaa makoti sokoni. Mgeni akiamka mjini na kuliona wingu lile hukata tamaa bure. Mara nyingi wingu hilo lina paa, na ukilipita unatokea juani. Kwenye banda la juu la Saddle watu wanajipaka mafuta ya jua huku chini yao kukiwa blanketi jeupe mpaka upeo wa macho. Baridi ya usiku lakini ni kali kuliko mwaka mzima, na watalii wa Ulaya na Marekani wako likizo, kwa hiyo vitanda vinajaa. Anayetaka Julai au Agosti aweke nafasi mapema sana.

*Septemba na Oktoba.* Mkavu kuliko yote. Matope hakuna, lakini ukungu wa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa nyanda za chini hufifisha mandhari, Kilimanjaro inaweza kuwa kivuli tu. Nyasi zimekauka kama karatasi. Sigara izimwe na kuondoka nayo mfukoni. Usiku unaanza kupata ahueni, na wanyama wanaonekana vizuri kwa sababu majani yamepungua.

*Novemba hadi katikati ya Desemba.* Vuli, na vuli haina adabu. Mwaka mmoja inanyesha kila alasiri, mwaka mwingine inapita kimya. Inapokuja kwa kawaida huja mchana na radi, kwa hiyo kanuni ya kipindi hiki ni kuondoka mapema na kuwa umeshashuka kutoka kwenye ukingo kabla ya saa nne asubuhi. Kuanzia wiki ya Krismasi mlima unajaa tena.

Kwa wapenda picha, kuna jambo ambalo mawakala wengi hawalisemi. Kila tangazo la Meru linaonyesha jua likichomoza kwa Kilimanjaro, lakini jua huhama kwa mwaka. Kutoka kileleni Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, iko mashariki, imeelekea kaskazini kidogo, hivyo jua huchomoza karibu kabisa nayo mwanzoni mwa Agosti, na tena mwanzoni mwa Mei kama mawingu ya masika yataruhusu. Desemba na Januari linatokea mbali upande wa kulia. Picha bado ni nzuri, ila si ile ya kwenye tangazo.

Na ukishapata mwezi wa kalenda, tafuta mwezi wa angani. Panga usiku wa kilele uangukie kuanzia mwezi mpevu hadi siku nne au tano baada yake. Mwezi wa namna hiyo uko juu kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri, muda uleule mnaotembea, na majivu ya mlima yanaakisi mwanga kiasi kwamba unaweza kuzima tochi.

Hatua ya 2: Kubali siku nne

Ratiba zinazouzwa ni za siku tatu au nne. Ya siku tatu ni nafuu na ni mbaya: siku ya tatu unaamka usiku wa manane, unapanda mita 1,000, kisha unashuka mita 3,000 mpaka getini. Magoti hayakubali. Chukua nne: usiku wa kwanza banda la Miriakamba (mita 2,514), wa pili Saddle (mita 3,570), wa tatu unarudi Miriakamba baada ya kilele, asubuhi yake unatoka.

Hata hiyo ya siku nne ina kasoro. Ushauri wa kawaida wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku mmoja na mwingine. Kutoka Miriakamba kwenda Saddle unaruka mita 1,056 kwa mkupuo, na katikati hakuna banda. Mwenye nafasi na pesa alale Saddle usiku mbili kabla ya kilele. Nikitakiwa kuchagua kati ya kutumia pesa kwa koti jipya na kwa usiku huo wa ziada, nitachukua usiku.

Hatua ya 3: Vibali na watu

Gharama za hifadhi hutofautiana kwa uraia. Raia wa Tanzania na wa nchi za Afrika Mashariki wanalipa kwa shilingi, kiwango kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje, lakini lazima uthibitishe. Njoo na kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Mkenya anayepitia Namanga aje na hati aliyovukia mpaka. Ukisahau kitambulisho getini usitegemee kuonewa huruma. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, benki au kwa simu, wala usimkabidhi mtu noti mkononi.

Unalipia kiingilio, kitanda cha banda, uokoaji na askari. Askari huongoza kundi, kwa hiyo mnaweza kuunganishwa na watu msiowajua, na mwendo wa kundi ni wa aliye taratibu kuliko wote. Gaidi, yaani mwongoza wageni mlimani, na mpishi unawapata kwa wakala. Wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, wasibebeshwe zaidi ya kilo 20 pamoja na mizigo yao. Waangalie mizigo ikipimwa. Kabla ya kulipa muulize wakala maswali matatu tu: wagumu wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, na wanalala wapi. Anayeanza kukwepa swali la kwanza, tafuta mwingine. Kipindi cha masika na kipupwe angalia pia wamevaa nini: mgumu mwenye ndala na fulana moja akipata baridi kali, safari yako nayo imekwisha, na hapo pesa uliyookoa haina maana.

Hatua ya 4: Miguu

Wiki nane zinatosha kwa mtu mwenye afya ya kawaida. Panda ngazi za ghorofa ukiwa na begi la kilo saba au nane, mara tatu kwa wiki, na ushuke kwa miguu pia. Wengi wanapanda kwa ngazi wakashuka kwa lifti, halafu mlimani mapaja yanawaumbua wakati wa kuteremka. Mwisho wa wiki tembea saa tano au sita. Wa Dar waende Pugu, wa Morogoro wana Uluguru mlangoni, wa Nairobi wana Ngong na Longonot. Hakuna mazoezi ya bondeni yanayozoesha mwili hewa nyembamba, kwa hiyo kijana mwenye misuli asijipe uhakika kupita mama wa miaka 50 anayetembea taratibu.

Hatua ya 5: Vifaa, kwa mujibu wa majira

Vitu vya mwaka mzima ni hivi: buti zilizokwisha kuvaliwa angalau mwezi mzima, soksi za sufi jozi tatu, tochi ya kichwani na betri za akiba, fimbo mbili za kutembelea, begi la kulalia linalohimili nyuzi 5 hadi 10 chini ya sifuri, miwani ya jua, na mafuta ya kuzuia jua. Ngozi nyeusi haiungui ni hadithi. Ukirudi bila mafuta utabanduka pua na masikio kama mzungu wa Nungwi.

Mavazi yapange kwa tabaka. Ya ndani iwe nguo inayokauka haraka, katikati swita ya flisi, juu koti la manyoya, na juu ya vyote koti lisilopitisha upepo wala maji. Pamba iache nyumbani. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, na ukisimama dakika mbili kwenye upepo inakuwa barafu mgongoni. Si lazima ununue dukani: mitumba ya Memorial kule Moshi na ya Kilombero hapa Arusha ina makoti ya mlimani ya bei ya kuku, ila jaribu zipu mara kadhaa na mwagia maji kidogo begani uone kama yanaingia. Buti za mtumba ninazikwepa. Gundi ya soli iliyokaa miaka stoo huachia siku ya kilele.

Masika na vuli ongeza ponchi pana inayofunika na begi, vizuia matope vya miguuni, na mifuko mizito ya taka ya kufungia begi la kulalia na nguo za kulalia. (Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, usijaribu kuingia nayo.) Nguo za kulalia zisivaliwe njiani hata kama ulizonazo zimelowa chapachapa, asubuhi utavaa zilezile mbichi, utatetemeka robo saa, halafu mwili utapata moto. Ukizilowesha zote mbili huna pa kukimbilia.

Kipupwe ongeza glovu za aina mbili, nyepesi ndani na nzito juu, kofia ya kuziba uso, na chupa ya plastiki ngumu yenye mdomo mpana. Mifuko ya maji yenye mrija wa kunyonyea inapendeza mchana, lakini usiku wa Julai mrija unaganda ndani ya saa moja. Chupa ibebe kichwa chini: maji huanza kuganda juu, kwa hiyo ukiigeuza mdomo unabaki wazi. Septemba na Oktoba kinachotafutwa ni kitambaa cha kuziba pua na vilevile vizuia matope, safari hii kwa ajili ya majivu yanayoingia kwenye buti kwa juu.

Hatua ya 6: Momella hadi Miriakamba

Mnaondoka getini kama saa nne asubuhi, kwenye mita 1,500. Hapa njia ya Momella ina matawi mawili: fupi na kali upande wa kaskazini, ndefu upande wa kusini inayopita kwenye mtini mkubwa uliojifungua katikati ukaacha lango. Zamani tembo walikuwa wakipita chini yake, na gari nalo linapita. Pandia ndefu, shukia fupi. Ndefu inachukua saa tano hivi na inakupandisha taratibu, mwili unazoea. Masika nako hiyo ndefu ina afadhali kwa sababu sehemu yake kubwa ni barabara.

Nusu saa ya kwanza ni uwanda wa nyasi, na hapo ndipo askari anapofanya kazi. Twiga watakuangalia bila haraka. Nyati ni habari nyingine. Kundi kubwa halisumbui sana; anayeogopwa ni dume mzee aliyetengwa, amelala kwenye kichaka pembeni ya njia, pembe zimepakwa matope. Utamwona askari amesimama ghafla, kiganja kimeshuka nyuma kuwaashiria. Simama. Usipige picha, usinong'one, usirudi nyuma kwa kukimbia. Atasikiliza, atapiga makofi mawili au atagonga kitako cha bunduki, na mara nyingi utasikia tu vichaka vikivunjika kuelekea upande mwingine. Baada ya hapo kaa nyuma yake, katikati kusiwe na pengo la mtu anayejibu meseji.

Msituni mbega watawapita juu kwa kuruka. Wakati wa masika chomeka suruali ndani ya soksi, na ukiona mstari mweusi unaotembea njiani uruke mara moja, usisimame juu yake kutafuta maelezo. Siafu hupanda kimyakimya, wakishafika kiunoni ndipo wote wanauma.

Miriakamba ina mabanda ya mbao yenye vitanda na vyoo. Kunywa chai, kula wali wote, uwe kitandani saa tatu usiku.

Hatua ya 7: Miriakamba hadi Saddle, na jaribio la Little Meru

Umbali ni mfupi, kilomita kama nne, lakini ni ngazi juu ya ngazi. Nenda polepole mpaka uone aibu. Kipimo ni hiki: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza. Mnapumzika Mgongo wa Tembo, na kuanzia hapo miti mikubwa yenye ndevu za kuvu inaisha, vinabaki vichaka, na shimo la mlima linafunguka upande wa kushoto.

Lile shimo lilitokea kiasi cha miaka 8,000 iliyopita, upande mzima wa mashariki wa mlima ulipoporomoka na kumwagika mpaka Momella. Maziwa mnayoyaona chini yamekaa juu ya kifusi chake. Katikati kuna koni ya majivu iliyokua baadaye, mita 3,667, na mlima ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Ukitazama kaskazini-mashariki utaona Engare Nanyuki, ambako mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kwenye ardhi yao. Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea. Waulize magaidi wenye asili ya Meru, wengi wana babu wa kusimulia.

Mkifika Saddle mchana usilale. Kula, pumzika saa moja, kisha panda Little Meru ukiwa na begi jepesi, saa moja kwenda. Faida ya kwanza ni kuuzoesha mwili: panda juu, lala chini. Ya pili ni kujipima, kwa sababu hali yako pale ndiyo inayoamua usiku.

Kichwa kuuma kidogo, usingizi wa mang'amung'amu na hamu ya kula kupungua ni kawaida. Kunywa maji, meza dawa ya maumivu, subiri. Kichwa kikigoma kutulia, ukatapika, au uchovu ukazidi kiasi, hupandi usiku huo. Na kuna dalili ambazo hazisubiri asubuhi: mtu kuyumba kama mlevi anapotakiwa kutembea mstari mmoja, kisigino kikigusa kidole, kuchanganya maneno, kuhema akiwa amekaa, kikohozi chenye povu. Huyo anashushwa usiku huohuo, hata mvua inyeshe. Ukweli mchungu ni kwamba mgonjwa ndiye wa mwisho kukubali, kwa hiyo wenzake waamue. Dawa ya acetazolamide husaidia kuzuia maradhi haya ya mwinuko, lakini zungumza na daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, wala isikufanye upuuze dalili.

Hatua ya 8: Usiku wa kilele

Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi (Novemba) na saa kumi na mbili na dakika arobaini (Februari na Agosti). Kwenda kunachukua saa nne hadi sita, basi kundi la kawaida linaondoka saa saba usiku. Kula uji na biskuti hata kama tumbo linakataa. Beba maji lita tatu. Vaa kidogo kuliko unavyotamani: ukitoka bandani ukiwa na joto zuri, baada ya dakika ishirini utalowa jasho.

Saa ya kwanza inakufikisha Rhino Point, panapoitwa hivyo kwa mifupa ya faru iliyokutwa hapo zamani. Hapo kabla ya upepo kukupiga, simama, vaa koti la nje na glovu nzito. Dakika tatu za kuvaa hapa zinaokoa saa nzima mbele, kwa sababu kinachofuata ni mteremko mfupi na ukuta wa mwamba unaopitwa ubavu kwa ubavu, na huwezi kuhangaika na zipu ukiwa pale. Fimbo zifunge begini, mikono iwe huru, pande tatu za mwili ziguse mwamba kila wakati: miguu miwili na mkono, au mikono miwili na mguu. Mwamba mkavu wa Agosti unashika vizuri. Ule wa Aprili au Novemba uguse kwa ncha ya buti kwanza. Ukisikia mlio mkavu wa kioo, mwite gaidi. Yeye akisema mrudi, mrudi. Hakuna mjadala na pesa hairudi, tulia.

Baada ya hapo ni ukingo wa majivu mpaka Cobra Point, mita 4,350. Kulia kwako ni giza la mteremko wa nje, kushoto ni shimo lenye ukuta unaofika mita 1,500. Wengine wanasema heri usiku, huoni. Kiangazi majivu ni laini, kila hatua mbili unarudi moja. Kanyaga alama ya aliye mbele. Yakiwa na unyevu wa mvua ya jana yanakuwa magumu na mwendo ni rahisi, na hiyo ni moja ya zawadi chache za vuli.

Kutoka Cobra Point kilele kinaonekana karibu na hakifiki. Ni saa moja au mbili za mawe makubwa, hewa ina oksijeni kama asilimia 57 ya ile ya pwani. Hatua moja, pumzi moja. Bendera ya chuma na kibao chenye jina la kilele, Socialist Peak, vitakapotokea, picha zipigwe haraka, simu irudi ndani ya koti kwa sababu baridi inaimaliza chaji. Nusu saa inatosha.

Hatua ya 9: Kushuka

Ajali nyingi za milimani hutokea mkiteremka, mtu amechoka na akili imeshafika nyumbani. Kabla ya kuondoka kileleni kaza kamba za buti kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Asiyefanya hivyo atapoteza kucha mbili. Ule ukuta wa Rhino Point sasa unauona kwa mwanga wa mchana, na wengine ndipo wanapoogopa kwa mara ya kwanza. Geuka uso kwa mwamba, shuka taratibu, mkono wa gaidi upo.

Vuli na masika muwe mmeipita Rhino Point kabla ya saa nne asubuhi. Radi ikianza mkiwa ukingoni, acheni nafasi kati yenu, wekeni fimbo za chuma mbali na mshuke upande wa nje, msikae chini ya jiwe lililochongoka.

Saddle mnakula na kulala saa moja, halafu Miriakamba. Kesho yake ni saa mbili au tatu tu za njia fupi mpaka getini. Bakshishi ya wagumu, mpishi na gaidi itangazwe mbele ya wote, kila mmoja akisikia kiasi chake, ndipo igawiwe. Bahasha moja inayokabidhiwa kwa kiongozi peke yake huwa haifiki ilikokusudiwa. Askari naye mkumbukeni.

Nyumbani osha buti kwa maji baridi, toa soli ya ndani, jaza magazeti na uzianike kivulini. Jua kali na jiko la mkaa huilegeza gundi, na safari ijayo soli itabaki Cobra Point.